Xeon au Core i5? Mwongozo kamili wa kuchagua prosesa ya kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo

Mtu ananunua Xeon, prosesa ya Intel iliyotengenezwa kwa seva na mashine za kazi nzito, kwa bei ya kuvutia, anaifunga, feni zinazunguka, taa ya pawa inawaka, skrini inabaki nyeusi. Mwingine anapata ram za seva za GB 32 kwa bei ya GB 8, anazichomeka kwenye mashine ya ofisi iliyotumika, na mashine inapiga milio badala ya kuwaka. Wa tatu kila kitu kimewaka, ila video zinakwama na uniti za umeme zinaisha kabla ya mwezi. Chanzo cha matatizo haya ni kimoja: prosesa ilichaguliwa kwanza, vingine vyote vikatafutwa baadaye.

Hapa tunageuza mpangilio huo. Fuata hatua kwa zamu, na usitoe hela kabla ya kumaliza hatua ya 8.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa nyumba nyingi, prosesa ya mezani (ya kompyuta ya kawaida, kama Core i5) yenye grafiki ndani yake, yaani sehemu inayotoa picha kwenye skrini, kizazi cha 8 cha Intel au cha baadaye, ndiyo inayofaa. Xeon ina kazi zake, na kwenye kazi hizo ni vigumu kupata kitu kingine chenye nguvu hiyo kwa hela hiyo. Shida inaanza pale mtu anapoinunua kwa sababu tu ina namba kubwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Bajeti ya mashine nzima, imeandikwa kwenye karatasi: kasha, prosesa, ram, SSD (diski isiyozunguka), skrini, kebo, UPS (betri ya akiba). Bajeti ya prosesa peke yake haikusaidii.
- Orodha ya programu unazotumia kweli, pamoja na mfumo unaotaka: Windows 11 au Linux.
- Aina ya tundu lililo nyuma ya skrini yako: VGA, HDMI au DisplayPort. Kalitazame, usikisie.
- Flashi yenye Linux Mint ya kuwashia moja kwa moja, na nyingine yenye MemTest86, programu ya kupima ram. Hizi ndizo zitakazokuokoa dukani.
- Simu yenye bando, ya kufungua kurasa za ARK za Intel, ambako kila prosesa imeelezwa soketi yake (tundu la mazabodi inakokaa), wati zake na kama ina grafiki.
- Kama unaboresha mashine uliyonayo: jina lake kamili (mfano OptiPlex 9020 MT, si "Dell" tu) na toleo la BIOS (programu ya mazabodi inayoiamsha mashine).
- Kwa kazi ya kufunga: bisibisi, pesti ya joto, spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi.

## Hatua ya 1: Gawa kazi zako mafungu mawili

Fungu la kwanza ni kazi zinazotegemea kasi ya kori (kitengo cha kuchakata ndani ya prosesa) moja au chache: kuvinjari intaneti, Word na Excel, kuchapa, mikutano ya video, Photoshop, michezo mingi. Fungu la pili ni kazi zinazogawanyika kwenye kori nyingi: kurenda picha za 3D kwenye Blender kwa prosesa, kuendesha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta moja) kadhaa kwa pamoja, kukompili programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake, kubadilisha video nyingi usiku kucha.

Sababu ya kugawa ni hii. Xeon E5-2680 v4 ina kori 14 na nyuzi 28 (kazi inazoshughulikia kwa wakati mmoja), lakini kasi yake ya msingi ni GHz 2.4 na ya juu kabisa 3.3. Core i5-8500 ina kori 6 tu, ila inafika GHz 4.1, tena kori zake ni za muundo mpya zaidi. Ukifungua kurasa za intaneti na lahajedwali, i5 inatangulia. Ukirenda picha kwa saa tatu, Xeon inaiacha mbali. Wapagazi 14 hawawezi kukifikisha kiti kimoja haraka kuliko mmoja mwenye mbio, lakini ukiwapa nyumba nzima ya kuhamisha, mambo yanabadilika.

Onyo: usihesabu kazi unazotamani kuzifanya siku moja. Hesabu za wiki iliyopita.

Umefaulu ukiwa na: orodha ambayo fungu moja limezidi waziwazi. Likiwa ni la kwanza, wewe ni mtu wa prosesa ya mezani, na hatua zinazofuata zitakusaidia kuchagua iliyo nzuri. Likiwa ni la pili, endelea na Xeon lakini kwa macho mawili.

## Hatua ya 2: Jifunze kusoma jina la prosesa

Xeon si kitu kimoja. Zinazozunguka kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, Kariakoo au Nairobi, nyingi ni za familia mbili, na zina tabia tofauti kabisa.

Xeon E3 ni ndugu wa damu wa prosesa za mezani. E3-1230 v3 ina kori 4, nyuzi 8, GHz 3.3 hadi 3.7, wati 80, na inakaa kwenye soketi LGA1150, ileile ya Core i7-4770. Kwa nguvu zinakaribiana sana. Tofauti kubwa ni kwamba E3-1230 v3 haina grafiki.

Xeon E5 ni ya seva na wokstesheni (kompyuta za mezani za kazi nzito): mazabodi yake, ram zake, ulaji wake wa umeme. Herufi ya v mwishoni ndiyo inayoamua mengi. E5 isiyo na v na E5 v2 zinakaa LGA2011 na kutumia ram za DDR3. E5 v3 na v4 zinakaa LGA2011-3 na kutumia ram za DDR4. Majina ya soketi yanafanana, lakini haziingiliani.

Usinunue E5 iliyo chini ya v3 kwa mashine unayotaka ikae miaka. Hizo za mwanzo hazina maagizo ya AVX2 (amri za mahesabu zilizojengwa ndani ya prosesa), na baadhi ya programu mpya na michezo mipya haifunguki kabisa bila hayo. Hata bei ishuke vipi, utakuwa umenunua ukuta.

Upande wa mezani, tarakimu za mwanzo ndizo kizazi: i5-4570 ni cha 4, i5-8500 cha 8, i3-10100 cha 10. Herufi F mwishoni, kama i5-10400F, maana yake haina grafiki. Kwa mashine nzima za ofisi, jina la mashine linakuambia kizazi: OptiPlex 9020 ya Dell na EliteDesk 800 G1 ya HP ni cha 4; OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 ni cha 6 au 7; OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 zinaanzia cha 8.

Onyo: muuzaji akisema "ni i7 hii", muulize namba zote. i7 ya kizazi cha 3 ina kori 4. i5 ya kizazi cha 8 ina kori 6. Jina i7 peke yake halina thamani.

Umefaulu ukiweza: kuandika jina kamili, soketi, wati na kizazi cha kila prosesa unayoifikiria, bila kumuuliza muuzaji.

## Hatua ya 3: Hakikisha mazabodi inaikubali

Kuingia kwenye soketi si sawa na kuwaka. Hapa watu wengi wanapoteza hela.

E3 v3 hukubalika kwenye mazabodi nyingi za mezani za LGA1150, mradi BIOS yake iwe inaitambua. Lakini E3 v5 na v6, ingawa zinakaa LGA1151, zinataka chipseti (chipu kuu ya mazabodi) za C232 au C236. Ukiiweka kwenye mazabodi ya kawaida yenye chipseti ya H110 au B150, haitawaka. Na LGA1151 ya kizazi cha 6 na 7 si ile ya kizazi cha 8 na 9, japo jina ni lilelile: i5-8500 inataka mazabodi ya chipseti za mfululizo wa 300.

Kwa wokstesheni kuna mtego mwingine. HP Z420 haitambui E5 v2 kama "Boot Block Date" yake ni ya 2011. Inatakiwa iwe ya 2013. Tarehe hiyo unaiona ndani ya BIOS, na kusasisha BIOS hakuibadilishi. Fungua BIOS dukani uisome.

Vipi kuhusu mazabodi mpya za bei nafuu kutoka Uchina zinazoitwa X79 na X99? Zinafanya kazi, na kwa mtu anayejua kutengeneza ni mlango wa E5 v3 na v4 kwa gharama ndogo. Ila nyingi zimejengwa kwa chipseti za zamani zilizong'olewa kwenye mazabodi nyingine, hali ya kulala mara nyingi inasumbua, na BIOS mpya hupati kwa urahisi. Kama kompyuta ni ya familia na wewe ndiye utakayepigiwa simu ikigoma, chukua wokstesheni nzima iliyotumika, mfano HP Z440 au Dell Precision T5810. Imeshapimwa na kiwanda, na kila kipande kinamjua mwenzake.

Umefaulu ukiwa na: ushahidi wa maandishi, kutoka kwa mtengenezaji au kwa mtu aliyefunga prosesa hiyohiyo kwenye mazabodi hiyohiyo. "Itakubali tu" si ushahidi.

## Hatua ya 4: Picha itatoka wapi?

Hili ndilo jibu la skrini nyeusi. Xeon E5 zote tunazozizungumzia hapa hazina grafiki. E3 inategemea tarakimu ya mwisho: E3-1230, 1240 na 1270 hazina, E3-1225, 1245 na 1275 zinayo. Ukichomeka kebo kwenye tundu la VGA la mazabodi wakati prosesa haina grafiki, hakuna kitakachoonekana, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Kwa hiyo Xeon ya bei nafuu inadai kadi ya grafiki, na bei ya kadi hiyo ni sehemu ya bei ya Xeon. Kwa matumizi ya kawaida, Quadro K620 au GT 1030 inatosha. Quadro P400 ni ndogo na haili umeme mwingi, ila matundu yake ni mini DisplayPort, kwa hiyo kama skrini yako ni ya VGA, weka bei ya adapta kwenye hesabu.

Kuna na upande wa video. Prosesa za mezani za Intel zenye grafiki zina kisehemu maalumu cha kufungua video. Tangu kizazi cha 7 kinashughulikia muundo wa video wa VP9, ambao YouTube inautumia sana, na ule wa H.265 wa biti 10. Ndiyo maana i3 ndogo ya kizazi cha 8 inaonyesha filamu ya 4K ikiwa imetulia, wakati Xeon yenye kori nyingi na kadi ya zamani inahema.

Onyo: kasha jembamba linataka kadi fupi yenye bamba la nusu kimo. Pima kabla.

## Hatua ya 5: Soma lebo ya ram

Ram za seva ni za bei rahisi kwa sababu moja: kompyuta za kawaida hazizikubali. Usiwe mtu wa kuligundua hilo nyumbani.

Chukua ram mkononi, isogeze kwenye mwanga, usome kibandiko chake. Kwa DDR3 utaona maandishi kama haya: 2Rx8 PC3L-12800E. Herufi inayofuata 12800 ndiyo yenye habari. U ni ram ya kawaida ya mezani. E ni ya kurekebisha makosa, bila kisajili (chipu inayopokea amri za ram kwanza). R ni ya seva yenye kisajili. L iliyo baada ya PC3 ni volteji ndogo tu, usiichanganye na hizo. Kwa DDR4 herufi inakaa mbele kidogo: PC4-2400T-UA2 ni ya kawaida, PC4-2133P-RA0 ni ya seva. Hata bila kibandiko, ram ya R mara nyingi unaitambua kwa chipu moja ya umbo tofauti iliyokaa katikati ya ubao.

Sasa ziweke mahali pake. Prosesa ya mezani: nunua U. Xeon E3: U au E, kutegemea mazabodi, R haifai. Xeon E5: inategemea mashine, na hapa usikisie. HP Z420 inataka E, wakati HP Z440 inataka R. Usichanganye R na E au U kwenye mashine moja.

Idadi ya vipande nayo ina maana. E5 inasoma ram kwa njia nne, kwa hiyo vipande vinne vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 32. Mashine ya mezani inatumia njia mbili. Vipande viwili vya GB 8 vinaisaidia hata grafiki ya ndani, maana inakopa ram hiyohiyo kwa kazi yake.

Umefaulu ukiona: BIOS inahesabu GB zote ulizoweka, na MemTest86 inamaliza mzunguko mzima bila kosa hata moja.

## Hatua ya 6: Pawa saplai na umeme wa nyumbani

OptiPlex 9020 ya kasha la kati ina pawa saplai ya wati 290, ile ya kasha dogo wati 255, na waya zake za kuelekea mazabodi ni za Dell wenyewe, si za kawaida. Hazina waya wa ziada wa kadi ya grafiki. Kwa hiyo baki na kadi zinazokula chini ya wati 75, zinazopata umeme kwenye tundu la kadi la mazabodi pekee. Wokstesheni kama Z440 huja na pawa saplai ya wati 525 au 700, na hapo una nafasi.

Halafu kuna bili. i5-8500 imewekewa kiwango cha wati 65. E5-1650 v3 ni 140. Lakini kinachoumiza zaidi ni matumizi mashine ikiwa imetulia, kwa sababu wokstesheni ina chipseti kubwa, ram nyingi na kadi juu yake. Chukua tofauti ya wati 60 kati ya mashine mbili, saa 8 kwa siku, siku 30: ni uniti 14.4 kwa mwezi. Kwa Tanzania, nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hizo peke yake zinaweza kukutoa kwenye kundi na kupandisha bei ya kila uniti unayonunua. Mwenye duka hakuambii hili, kwa sababu si yeye anayenunua tokeni.

Umeme ukikatika, UPS ndogo itaishikilia mashine ya ofisi ya kizazi cha 8 kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Wokstesheni iliyo katikati ya kurenda itaimaliza UPS hiyohiyo haraka sana.

## Hatua ya 7: Amua mfumo, kisha piga jumla

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kipengele cha usalama cha mashine) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na kwa Core za mezani orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8. E3 na E5 zote zilizotajwa hapa hazimo. Zipo njia za kulazimisha, lakini mashine ya mtoto wa shule au ya biashara ndogo haitakiwi kuishi kwa njia za panya. Ukitaka Xeon hizi, kubali Linux kwa moyo mmoja. Linux Mint na LibreOffice zinatosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Sasa andika safu mbili. Upande wa mezani: kasha zima lililotumika, ram, SSD. Upande wa Xeon: kasha au mazabodi, prosesa, kipoozeo, ram ya aina sahihi, kadi ya grafiki, adapta, SSD, na umeme wa miezi 12. Jumlisha. Watu wengi wakifika mstari wa mwisho wanaona ile Xeon ya bei ya kuvutia imeipita i5 nzima.

Safu ya Xeon inashinda katika hali tatu. Moja, una mashine ya LGA1150 yenye i3 au i5 ya kizazi cha 4 na kadi ya grafiki tayari, na E3-1230 v3 au 1240 v3 unaipata kwa bei ya chini kuliko i7-4770. Mbili, kazi zako za fungu la pili zinakuingizia kipato. Tatu, unahitaji ram nyingi, GB 64 na kuendelea, kwa mashine pepe au mafunzo ya mitandao ya kompyuta, na ram za R ndizo unazozimudu. Nje ya hapo, chukua i5-8500 au i5-8400. Bajeti ikibana zaidi, i3-8100 yenye SSD itakufaa kuliko Xeon yenye diski ya kuzunguka (HDD).

## Hatua ya 8: Jaribu dukani, kabla ya kulipa

Washa mashine kwa flashi yako ya Linux Mint, si kwa Windows waliyoiweka wao. Fungua teminali, andika `lscpu`. Linganisha jina, idadi ya kori na nyuzi na ulichoandika kwenye hatua ya 2. Kwenye orodha ndefu ya flags tafuta avx2.

Kama unanunua prosesa peke yake, soma kifuniko chake. Inatakiwa iwe na jina kamili na msimbo unaoanza na SR. Msimbo unaoanza na Q, au maneno "INTEL CONFIDENTIAL", ni prosesa ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa. Mazabodi nyingi zinaikataa. Irudishe mezani.

Kama unanunua mazabodi, washa tochi ya simu, piga picha ya soketi na uikuze. Pini zote zilale upande mmoja kwa mstari. Moja iliyopinda inatosha kuua njia nzima ya ram.

Risiti iandikwe jina kamili la prosesa na muda wa kurudisha. Muuzaji wa kweli hakasiriki.

## Hatua ya 9: Kama unabadilisha prosesa mwenyewe

Mpangilio hapa ni wa lazima. Kwanza sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, kwa sababu BIOS isiyoitambua mpya haitakupa nafasi ya kusasisha. Umeme uwe wa uhakika; ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa. Pili, weka kadi ya grafiki na uone picha inatoka kupitia kadi hiyo. Ndipo uzime, uchomoe waya wa ukutani, ubonyeze kitufe cha pawa mara moja kumaliza chaji iliyobaki.

Toa kipoozeo kwa kukizungusha kidogo kushoto na kulia, usikivute kwa nguvu. Futa pesti ya zamani kwa spiriti. Linganisha pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na alama ya soketi, ishushe bila kusukuma, funga kishikio. Tone dogo la pesti katikati linatosha kwa E3; kifuniko cha E5 ni kikubwa, ongeza kidogo. Skrubu za kipoozeo zikazwe kwa mshazari, zamu kwa zamu, ili kikae sawa.

Ukiwasha mara ya kwanza, mashine inaweza kukaa kimya kidogo au kujizima na kuwaka yenyewe. Iache. Ikibaki nyeusi, hakikisha kebo iko kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha bakiza kipande kimoja cha ram. Kisha toa betri ya BIOS kwa dakika chache uirudishe.

Ikishawaka, ipe kazi nzito kwa nusu saa na utazame joto. Dar au Mombasa chumba chenyewe kinaweza kuwa nyuzijoto 30 na zaidi, kwa hiyo usitegemee namba unazoziona kwa watu wa nchi za baridi. Joto likitulia chini ya nyuzijoto 80 na kasi ya GHz haishuki, kazi imekubali. Likivuka 85 ndani ya dakika chache, kipoozeo hakijakaa vizuri: zima, fungua, futa, funga upya.